Mpunga wa Bondeni na Sheria Isiyomjua Mwenye Mbegu

Mwaka 2009, nikiwa mhadhiri msaidizi mwenye bidii nyingi na uzoefu mdogo, nilishuka Ifakara na mfuko wa mbegu ya SARO 5 begani. Nilikuwa nampelekea mama. Wakati huo alilima ekari tatu za mpunga mbugani, na mbegu yake ilikuwa Mbawa Mbili, aliyokabidhiwa na mama mkwe wake, yaani bibi yangu, mwaka alioolewa. Nilimweleza kwa lugha ya warsha: tija, kukomaa mapema, pengo la mavuno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili. Kwanza, maji yakija, mpunga huo unasimama urefu gani? Pili, wali wake unanukia? La kwanza nilijibu kwamba tungechimba mfereji. La pili nililicheka.

Mama akaipanda mbegu yangu. Hakuipanda kwa sababu nilimshawishi, amenieleza baadaye, bali kwa sababu mtoto aliyesomeshwa kwa mpunga hawezi kurudi nyumbani na mbegu akaambiwa aende nayo. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri kweli, na wa pili pia. Mbawa Mbili ikabaki kwenye kibuyu darini. Msimu wa nne mto ulifurika mapema, mpunga mfupi ukazama, na mama akakishusha kibuyu. Mbegu ilikuwa imekufa. Mpunga hauwekwi nyumbani miaka mingi kama ushanga. Katika joto na unyevu wa Kilombero, mbegu isiyopandwa misimu michache hupoteza uhai wake. Akaenda kwa jirani. Jirani naye alikuwa amepokea mfuko kutoka kwa mtu mwingine kama mimi.

Naanza na kisa hiki ili msomaji asidhani nimekuja kumnyooshea mtu kidole. Mkosaji wa kwanza katika makala haya ni mwandishi wake.

Wala SARO 5 si adui. Mbegu hiyo, ambayo wataalamu huiita TXD 306, iliidhinishwa mwaka 2002, na mkono wa watafiti wa KATRIN, kituo kilicho nje kidogo ya mji wa Ifakara ambacho sasa ni TARI Ifakara, ulikuwa mkubwa katika kazi hiyo. Ni kazi ya Watanzania, na mmoja wa wazazi wa mbegu hiyo ni Supa, mpunga wetu wa siku nyingi. Penye maji yanayodhibitiwa, kama katika skimu za Mkula, Msolwa Ujamaa au Njage, na penye mbolea, huzaa mara mbili, hata mara tatu, ya mbegu za kienyeji. Familia nyingi za bonde zimeezeka bati kwa SARO 5. Kosa langu halikuwa kuleta mbegu mpya. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba mbegu mpya ikiingia mlangoni, ya zamani haina budi kutokea dirishani.

Kwa wasiolijua bonde lenyewe, ni uwanda mpana uliolala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito hushuka kutoka milimani, mvua za masika zinapokolea maji hutanda mbugani, na yote hukusanywa na Mto Kilombero kuelekea Rufiji. Mwaka 2002 ardhi oevu hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Mkulima wa hapa hakuwahi kuyatawala maji, aliyasoma. Familia zilihamia shambani msimu mzima, zikajenga madungu juu ya nguzo, zikalima, zikapalilia, zikaamia ndege, na kurudi kijijini na magunia. Mbegu zilizochaguliwa katika maisha ya namna hiyo zilikuwa ndefu kwa sababu. Mpunga mrefu ukiwekewa mbolea nyingi hulala chini, ndiyo maana wataalamu hawaupendi; lakini maji yakipanda kwa ghafla, ndio unaobaki na kichwa nje.

Hazikuwa mbegu moja au mbili. Katika mabonde ya Morogoro na kwingineko nchini utasikia Supa, Kisegese, Rangi Mbili, Kaling'anaula, Wahiwahi, Lawama, Usiniguse, Shingo ya Mwali, Moshi wa Sigara, Tule na Bwana. Niliwahi kuyaandika majina haya ubaoni bila maelezo, mwanafunzi mmoja akaniuliza kama leo tunajadili nyimbo za taarabu. Darasa lilicheka, nami nikacheka, lakini swali lake lilinikaa. Kila jina hapo ni taarifa: ya rangi ya punje, ya muda wa kukomaa, ya makapi makali yanayomchoma mvunaji, ya mlo unaostahili kupewa nani. Mbawa Mbili, kwa maelezo ya mama, iliitwa hivyo kwa vijigamba viwili virefu vinavyoikumbatia punje kama mbawa za kumbikumbi. Nani alizichagua mbegu hizo? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, ambao wakati wa kuvuna walitembea mbele ya wengine wakikata masuke mazuri na kuyafunga pembeni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa mtafiti.

Miaka michache iliyopita, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilikutana na habari za Sarragachies, kijiji kilichopo Gascogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako wanalima zabibu za mvinyo. Karibu wote mnafahamu kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya mizabibu ya Ulaya yaliangamizwa na mdudu aitwaye filoksera, anayekula mizizi. Wakulima walianza upya kwa kupandikiza vikonyo vyao juu ya mashina kutoka Marekani, na katika kuanza upya huko walichagua aina chache zenye soko. Nyingine, mamia kwa mamia, zikaachwa zife. Lakini hapo Sarragachies familia moja ilibaki na kijishamba cha mizabibu ya zamani kwenye udongo wa kichanga, ambamo mdudu yule hastawi, ikakitunza kizazi hadi kizazi bila faida ya maana. Watafiti walipokwenda kukichunguza walikuta aina takribani 20 za zabibu zikiwa zimechanganyika, baadhi hazijulikani popote pengine duniani. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa ikakiandikisha kijishamba hicho kuwa mnara wa kihistoria, kama inavyofanya kwa makanisa na ngome.

Hata hivyo, kilichonivutia si hatua ya serikali. Ni kile kilichofanywa na watengeneza mvinyo wenyewe. Eneo hilo lina ushirika uitwao Plaimont, ulioundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha vyama vitatu vilivyokuwa majirani na washindani. Hata jina lenyewe limeunganishwa kwa vipande vya majina ya sehemu zao tatu. Wakulima hao walikubaliana kwamba badala ya kukimbilia zabibu zinazolimwa kila mahali, watazitafuta zao. Walizunguka mashamba ya wazee, wakachukua vikonyo, wakatenga shamba la pamoja la kutunza kila walichokipata, wakashirikiana na wanasayansi kuzitambua. Mojawapo, Manseng Noir, ilikuwa imekaribia kutoweka. Wazee wao waliiacha kwa sababu haikuwa na sukari nyingi, hivyo mvinyo wake haukuwa mkali. Leo, joto linapozidi na zabibu za kawaida zinapotoa mvinyo mkali kupita kiasi, udhaifu ule wa zamani umegeuka kuwa sifa. Naomba msomaji aikumbuke habari hii kila anapoambiwa kwamba mpunga mrefu umepitwa na wakati.

Nitaulizwa: zabibu za Wafaransa zinatuhusu nini sisi? Basi tuuchukue mpunga wenyewe. Katika pwani ya South Carolina na Georgia, Marekani, ulilimwa mpunga ulioitwa Carolina Gold, nao uliwatajirisha wenye mashamba kwa jasho na ujuzi wa Waafrika waliokuwa watumwa, wengi wao kutoka nchi za Afrika Magharibi zilizokuwa na kilimo cha mpunga cha kale. Utumwa ulipokoma na vimbunga vilipovunja kingo za majaruba, mpunga huo ukapotea sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1980 daktari wa macho wa Savannah, Richard Schulze, alitaka mpunga wa kuwavutia mabata aliopenda kuwinda. Akaomba mbegu kutoka hifadhi ya serikali iliyokuwa Texas, akapewa mfuko mdogo, akaupanda, akauvuna, akaupanda tena. Baadaye wakulima, wasagaji na wanasayansi wakaunda taasisi ya kuutunza. Leo huuzwa ghali katika migahawa. Kwamba wajukuu wa wale walioulima kwa viboko wamenufaika kiasi gani na bei hiyo ni swali jingine, na si dogo, nitalirudia.

Hapa kwetu pia tunajua kufufua, tukitaka. Mwaka 1996, chini ya maporomoko ya Mto Kihansi, unaoshuka kutoka Udzungwa kuja katika bonde hili hili, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 na manyunyu ya maporomoko kukatika, vyura takribani 500 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili, na mwaka 2012 watoto wa wale waliosafirishwa wakarudishwa Kihansi, penye manyunyu ya kutengenezwa kwa mabomba. Nafurahi kwa ajili ya chura. Ila nikiwa mtoto wa bonde siwezi kujizuia kuwaza kwamba chura wetu alipata tiketi ya ndege kwenda na kurudi, ilhali mbegu ya mama haikupata hata nauli ya basi hadi Arusha, iliko hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea.

Na hata ingefika Arusha, jokofu peke yake halitoshi. Mbegu iliyo kwenye jokofu imehifadhiwa, haijaishi. Haijui mafuriko ya mwaka jana. Haikutani na kimyanga, ule ugonjwa wa virusi unaoyageuza majani ya mpunga kuwa ya njano, na ambao watafiti wameifuatilia asili yake hadi huku kwetu mashariki mwa Tanzania. Mbegu hai ni ile inayopandwa na watu wengi, mahali pengi, kila mwaka, ili ikifa kwa mmoja ibaki kwa mwingine. Ndiyo maana nasema suala hili ni la ushirika kabla halijawa la teknolojia. Bibi yangu hakuwa na jokofu, alikuwa na majirani saba.

Sasa tutazame sheria inamwona vipi mtu kama mama yangu. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe ya aina iliyosajiliwa na iwe imekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu iliyopo Morogoro. Nia yake ni njema. Wakulima wetu wameuziwa sana mbegu feki, na asiye na msimamizi hana pa kulalamikia. Upo pia mlango mdogo wa wakulima kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora na kuziuza jirani, zamani ndani ya kata, baadaye ndani ya wilaya. Lakini mlango huo ni wa mbegu ambazo tayari zimo katika orodha ya taifa. Ikiwa mbegu yako ni Mbawa Mbili na haimo katika orodha, unaweza kuipanda, unaweza kumpa shemeji yako. Ukiiuza kama mbegu, umevunja sheria.

Kisha ipo Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012, na mwaka 2015 tukajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Ili upewe haki, mbegu yako sharti iwe mpya, iwe ya pekee, mimea yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi. Tazama masharti hayo kwa macho ya mkulima wa Ifakara. Mbegu yake si mpya. Uzee ndio thamani yake. Mimea yake haifanani mmoja kwa mmoja. Tofauti ndogo ndogo ndani ya shamba ndizo zinazoiokoa mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko. Sheria haijamnyang'anya mkulima huyu kitu kwa ukatili. Haimwoni tu. Mtafiti akichukua mbegu yake, akaisafisha na kuipanga katika mstari unaofanana, mtafiti ataonekana. Wakati huo huo Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea kwa chakula na kilimo wa mwaka 2001, ambao Kifungu chake cha 9 kinautambua mchango wa wakulima na haki zao, na kuziachia serikali za nchi jukumu la kuzitekeleza. Kwa hiyo tumetia saini pande zote mbili, kisha tukatunga sheria ya upande mmoja.

Jambo la tatu ni jina. Nenda soko lolote la nafaka Dar es Salaam, utakuta magunia yamebandikwa vikaratasi: Kyela, Mbeya, Ifakara. Muulize muuzaji mchele huo umetoka wapi hasa, naye atakuangalia kama unayeuliza kabila la nyanya. Anayechanganya chenga za kila mahali na kuziita Ifakara hamwibii mlaji peke yake. Anaiba kazi ya vizazi iliyolifanya jina hilo liwe na harufu. Wafaransa waliliona hili mapema, na tangu mwaka 1935 wana chombo cha dola cha kusimamia majina ya asili ya mvinyo. Walipokaa mezani kuandika mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, wao na wenzao wa Ulaya walihakikisha Kifungu cha 23 kinatoa ulinzi wa ziada kwa majina ya mvinyo na pombe kali. Mchele, kahawa, karafuu na vitu vyote vingine vikaachiwa Kifungu cha 22, ambacho mlalamikaji lazima kwanza athibitishe kwamba mlaji amepotoshwa. Ndivyo dunia ilivyokubaliana: kilevi cha tajiri kina ulinzi mkubwa kuliko wali wa maskini. Wanafunzi wangu wakiniuliza maana ya mamlaka katika uhusiano wa kimataifa, huwa nawapa vifungu hivi viwili wavisome kwa sauti.

Hata hivyo tusiwalaumu Wafaransa kwa uvivu wetu. India iliamka baada ya kampuni ya Marekani kupewa hataza inayohusu mchele wa basmati mwaka 1997. Ilipigana, sehemu kubwa ya madai ya hataza ile ikaanguka, na mwaka 2016 basmati ikasajiliwa nchini India kama jina la kijiografia. Zanzibar nayo, kwa sheria yake ya mali za viwanda ya mwaka 2008, iliweka utaratibu wa majina ya kijiografia, na karafuu zake zikapata mahali pa kusimama. Bara tumeendelea kutegemea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo iliandikwa kwa ajili ya maduka na viwanda, si kwa ajili ya bonde zima lenye wakulima maelfu.

Najua pingamizi zitakazokuja, kwani nimezisikia katika vikao. Mwenzangu mmoja wa uchumi aliniambia kwamba ninawatakia wanakijiji umaskini wenye harufu nzuri. Ana hoja. Mkulima mwenye ekari moja na watoto watano hawezi kulishwa kwa historia, na mbegu nyingi za zamani, Supa ikiwamo, hushambuliwa vibaya na kimyanga. Siombi bonde zima lirudi Mbawa Mbili. Naomba robo ekari pembeni mwa SARO 5, na naomba bei ya robo ekari hiyo iwe inalingana na ladha yake. Wala sidai usafi wa asili. Mpunga wa Asia uliingia huku kwa njia za biashara za pwani, na baadhi ya wakulima bado huiita Supa kwa jina la Supa India. Zabibu nayo haikuzaliwa Ufaransa. Mbegu huwa ya mahali kwa kulimwa hapo mpaka mahali paibadilishe.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni lile la nani atafaidika, na hapa ndipo Carolina Gold inapaswa kututia hofu. Mchele wetu ukipata jina na bei, wa kwanza kufika atakuwa mwenye gari na mtaji. Ardhi ambayo jana hakuna aliyeitaka itatafutwa. Bonde hili linazijua hadithi hizo. Mngeta kulikuwa na shamba kubwa la ubia kati ya Tanzania na Korea Kaskazini katika miaka ya 1980. Baadaye eneo hilo hilo likawa shamba la kampuni ya wawekezaji wa kigeni, lililosifiwa katika makongamano ya SAGCOT kama mfano wa kuigwa, nalo likaanguka kwa madeni mwaka 2019. Mara zote mbili aliyebaki akilima baada ya wageni kuondoka ni mkulima mdogo. Kwa hiyo jina likisajiliwa, lisisajiliwe kwa kampuni, wala kwa halmashauri. Liwe la wakulima wenyewe, na kanuni za kulitumia waziandike wao: mbegu ipi, eneo lipi, nani anayekagua, nani anayeadhibiwa akichanganya.

Na hapo tunagonga ukuta wetu wenyewe. Watu wetu wanaogopa ushirika, na wana sababu. Vyama vikuu vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vikiwa dhaifu, na tangu hapo mkulima amezoea kuona mzani wa chama ukiwa na matatizo kuliko wa dalali. Nenda Dodoma ukawaulize wakulima wa zabibu. Zabibu ililetwa na wamisionari katika miaka ya 1950, ikakubali ardhi ile kame kwa namna ya ajabu hadi kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo mwekundu wa Makutupora ukapata jina lake. Lakini kilimo chote kiliegemea kiwanda kimoja cha umma, na kiwanda kilipoyumba, mkulima akabaki na zabibu zinazooza mikononi. Alikuwa mwuzaji wa matunda tu, hakuwa mwenye mvinyo. Tofauti kati ya Dodoma ile na Plaimont haikuwa udongo wala hali ya hewa.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo, kwa sababu huniandikia kwa siri mnapokasirika: ninachoomba hakihitaji mkopo kutoka nje. Orodha ya taifa ya mbegu inaweza kufunguliwa daftari la pili la mbegu za wakulima, lenye masharti yanayolingana na asili yake, likasajiliwa kwa jina la kikundi au kijiji. Kanuni za mbegu za kuazimiwa ubora zinaweza kulitambua daftari hilo. TARI Ifakara wana mashamba, wana wataalamu, na wako umbali wa safari ya baiskeli kutoka kwa wanawake ninaowazungumzia. Wapewe jukumu na fungu la kuwa na shamba la pamoja ambalo mkulima anaweza kuweka mbegu na, muhimu zaidi, kuichukua tena. Na Bara ipate sheria yake ya majina ya kijiografia. Wanaharakati nao wapunguze matamko dhidi ya makampuni ya mbegu kwa msimu mmoja, washuke Kilombero na daftari, waandike majina ya mbegu na ya wanaozitunza kabla wazee hawajatuacha.

Mama naye hakunisubiri mimi wala serikali. Mwaka jana, kwenye msiba upande wa pili wa mto, sasa kwa kuwa daraja lipo na hatuombi tena dua kwenye kivuko, alikutana na bibi mmoja wa Ulanga aliyekuwa akipepeta mpunga. Akaziona mbawa. Bibi yule alikuwa na nusu debe, imechanganyika na aina nyingine mbili au tatu, na alikuwa akiilima kwa sababu mumewe marehemu alikataa kula wali mwingine. Mama aliomba vikombe vitatu. Alivigawa kwa wenzake wawili, kila mmoja kikombe, kwa sharti kwamba atakayepoteza atapewa na aliyevuna.

Walipanda Desemba. Mimea imechanganyika vibaya, anasema. Anapita kila asubuhi aking'oa isiyofanana na anayoikumbuka, na wiki iliyopita wale wenzake wawili walibishana naye saa nzima kuhusu rangi ya shingo ya suke. Nilimpigia simu jana kumweleza kwamba naandika makala haya. Akaniuliza kama makala inafukuza kwelea kwelea. Nikasema hapana. "Basi, baba," akasema, "mwezi wa tano chukua likizo uje kuamia ndege. Na safari hii usije na mfuko."